Hakuna Sampuli Bila Kamera

Makamanda, wiki hii kwenye magrupu yetu ya WhatsApp inazunguka sauti ya mtu anayesema Kanda ya Ziwa wanapita watu wanakusanya choo na damu za wagonjwa, eti vinapelekwa Ulaya kutengenezea dawa za kutumaliza. Nimetumiwa na watu saba. Wa saba ni kiongozi wa vijana wa kata, mtu ninayemheshimu kabisa, na chini yake kaandika maneno matatu: "Hawa ni mumiani."

Naandika kabla hii kitu haijageuka kuwa msimamo wa vijana wa chama.

Mimi ni mtoto wa Kolandoto. Nimekua naona wanafunzi wa chuo cha afya wakipita na makoti yao meupe, na wagonjwa wakishuka kwenye mabasi na baiskeli kuingia hospitali ya AICT pale. Sisomi udaktari, nasoma sheria. Lakini sheria imenifundisha kitu kimoja, kwamba ukikuta jambo linabishaniwa kwa sauti kubwa, kwanza uliza nani anapata nini. Tuanzie hapo.

Saratani ya utumbo mpana ni ya tatu duniani kwa wingi wa wagonjwa wapya na ya pili kwa kuua. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za 2020, watu zaidi ya milioni 1.9 waliugua na zaidi ya 930,000 walikufa. Yule kaka wa Black Panther, Chadwick Boseman, tuliyemlilia wote Agosti 2020, aliuawa na ugonjwa huu akiwa na miaka 43. Kinachouma ni kwamba hauji ghafla. Mara nyingi unaanza na kinyama kidogo ndani ya utumbo, kinakaa miaka mingi bila kelele, kinavuja damu kidogo ambayo macho hayaioni. Ukikikuta mapema unakikata na mambo yanaishia hapo. Ukichelewa unakikuta kwenye ini.

Ndiyo maana dunia inahangaika kutafuta kipimo rahisi. Kipo cha kutafuta damu iliyojificha kwenye choo, kinaitwa FIT. Kipo cha kusoma vinasaba vya seli zinazobanduka kwenye utumbo na kutoka na choo, Wamarekani wamekiruhusu tangu 2014, kinaitwa Cologuard. Kipo cha damu ya mkononi, Shield, wamekiruhusu Julai 2024. Kipimo kama hivi hakitengenezwi kwa kukaa mezani na kufikiria. Lazima upate choo na damu za watu wengi, wagonjwa na wazima, ulinganishe. Kwa hiyo anayekusanya sampuli za wagonjwa si lazima awe mchawi wala mumiani. Anafanya kazi ambayo bila hiyo hakuna kipimo.

Tena nawaambia, sisi wa Shinyanga na Geita ndio tunaohitaji zaidi sampuli zetu zichukuliwe. Utafiti uliokipitisha Cologuard ulifanyika Marekani na Kanada, kwa watu karibu 10,000. Wa Shield ni Wamarekani pia. Sasa chukua FIT uilete huku kwetu. Kazi yake ni kunusa damu ya binadamu kwenye choo, haijui damu imetoka wapi. Na huku nani hana kichocho? Kichocho cha tumbo kinachubua utumbo unatoa damu. Safura nao wanafyonza utumboni na kuacha majeraha. Kipimo kinaweza kupiga kengele kwa mtu ambaye tatizo lake ni minyoo tu. Halafu kuna joto letu. Damu iliyomo kwenye choo inaharibika ikikaa kwenye joto, kwa hiyo sampuli iliyoshinda kwenye bodaboda Oktoba kabla mvua hazijaanza inaweza kusema huyu ni mzima kumbe anaumwa. Hakuna Mmarekani atakayejibu maswali hayo kwa choo chake. Yanajibiwa na choo cha mama wa Kolandoto, cha mchimbaji wa Nyarugusu, cha mvuvi wa Chato.

Basi hilo la mumiani tuliweke pembeni. Bibi zetu walikuwa na sababu zao za kuamini hadithi zile, ukoloni ulichukua vingi bila kuuliza. Ila kijana wa chama mwenye simu ya intaneti akiisambaza leo, anamfanyia kazi nzuri sana yule anayetaka tusiulize maswali ya maana. Mtu akikuuliza "fomu ya ridhaa iko wapi?" inabidi umjibu. Akikuita mumiani unamcheka tu na unaendelea.

Na maswali ya maana yapo.

Mama yangu mkubwa alianza kutoka damu chooni akiwa na miaka 51. Miezi minane alitibiwa bawasiri, katikati akapewa dawa za amiba mara mbili na za kienyeji sijui mara ngapi. Kwenye hospitali moja ya Kanda ya Ziwa, ambayo sitaitaja, akakutana na vijana wa utafiti. Wakamwomba choo kwenye kikopo na chupa mbili za damu kwa ajili ya utafiti wa kipimo cha saratani ya utumbo. Akatoa. Mama mkubwa alikuwa mtu wa kutoa, hata maji ya kunywa ungemkuta anakugawia ya kwake. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa sita. Yeye alijua Kisukuma vizuri na Kiswahili cha sokoni. Akaweka dole gumba.

Nakala yake ninayo, alikuwa ameihifadhi kwenye mfuko wa Rambo pamoja na kadi ya kliniki. Inasema sampuli inaweza kutumika kwa tafiti nyingine zitakazokuja. Inasema majibu ya mtu mmoja mmoja hayatarudishwa. Kuhusu kupelekwa mahali akaangaliwe utumbo, haisemi kitu. Mwanamke anatoka damu, ana umri huo, amekaa mbele ya watu wanaotafiti saratani ya utumbo, na wakamwambia asante mama. Alipokuja kufika kwa mtaalamu mwenye kamera, ilikuwa imeshafika kwenye ini. Tulimzika kabla ya mavuno.

Siwezi kusema wale vijana walimuua. Hawakumuua. Walifanya walichotumwa. Swali langu ni kwa walioandika fomu na kwa walioipitisha.

Hapa kuna jambo ambalo nilipolisoma nilikaa nikalirudia. Katika ule utafiti wa Marekani wa 2014, kila mtu aliyetoa choo alitakiwa pia kupimwa kwa kamera, ile inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana wote. Wenye majibu kamili yaliyoweza kulinganishwa walikuwa 9,989. Hawakufanyiwa hivyo kwa huruma. Ni sayansi yenyewe inataka, maana utajuaje kipimo chako kimesema kweli kama hujatazama ndani? Kwa kutazama ndani ndipo wakajua kipimo kile kilikamata saratani 92 katika kila 100, na FIT ikakamata 74. Shield, walivyoilinganisha na kamera hivyohivyo, ilikamata 83, lakini kwa vile vinyama vya hatari ambavyo bado havijawa saratani ilikamata 13 tu katika 100. Bila kamera hizo namba zisingekuwepo.

Yaani Mmarekani aliyetoa choo chake aliondoka anajua utumbo wake ukoje. Mama mkubwa aliondoka na nauli aliyokuja nayo.

Ndiyo nikasema, hakuna sampuli bila kamera. Anayekuja kuchukua choo cha mgonjwa kwa ajili ya kipimo cha saratani ya utumbo, aje na njia ya kumfikisha mgonjwa huyo kwenye kamera, na saratani ikionekana, njia ya kumfikisha kwenye upasuaji. Kama hana, bado hajawa tayari kuchukua. Na asije akasema hiyo ni siasa ya upinzani. Azimio la Helsinki la madaktari wa dunia, ambalo lipo tangu 1964 na limerekebishwa mara nyingi, linasema utafiti kwa watu walio katika mazingira magumu uwe unajibu mahitaji yao, na wao wawe kwenye nafasi ya kunufaika nao.

Wapo watakaosema ni ndoto, Afrika haiwezekani. Imewezekana, tena hapa jirani. Miaka ya 1950 daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliona watoto wenye uvimbe wa taya, akauandika 1958. Sampuli za uvimbe zikawa zinapanda ndege kwenda London kwa Anthony Epstein. Moja ilichelewa kwa sababu ya ukungu, ndege ikatua Manchester. Mwaka 1964 Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi kinachohusiana na saratani hiyo. Jina la kirusi ni la Epstein na Barr. La mtoto wa Uganda halipo, sawa, tumezoea. Lakini kuna upande wa pili ambao wengi hawausimulii. Mwaka 1967 pale pale Mulago ikaanzishwa sehemu ya kuwatibu watoto hao, kwa ushirikiano na taasisi ya saratani ya Marekani, na ndiyo ikakua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Sampuli ziliondoka, na matibabu yakabaki. Amin alipoharibu nchi Wamarekani wakaondoka, Waganda wenyewe kina Charles Olweny wakaendelea kutibu.

Burkitt huyohuyo, kwa taarifa yenu, ndiye baadaye aliyekuja kuwa maarufu kwa mambo ya utumbo. Alikuwa anapima uzito wa vinyesi vya Waafrika wa vijijini na vya Waingereza, akasema kula nyuzinyuzi kwa wingi ndiko kunatuepusha na saratani hii. Nyuzinyuzi zinasaidia kweli. Ila katika masikio ya watu ikabaki kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, na mtu mweusi anayetoka damu chooni ana bawasiri. Nafikiri mama mkubwa alilipa sehemu ya deni la wazo hilo.

Sasa kwenye sheria, maana ndiko kwenye kazi yangu.

Watu wanadhani Tanzania hakuna sheria ya kulinda sampuli. Zipo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya 1979, na utafiti wa afya kwa binadamu unatakiwa upate kibali cha maadili kabla mtu hajashika kikopo. Sampuli ikitoka nje ya nchi inatakiwa kuwe na makubaliano ya maandishi ya kuihamisha. Kuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, inayogusa kukusanya, kufungasha, kusafirisha, kuhifadhi, kuchunguza na kuteketeza sampuli za vinasaba, pamoja na utafiti unaovitumia. Na choo kinachosomwa vinasaba ni sampuli ya vinasaba, hata kama kinanuka. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya na za vinasaba humo ni taarifa nyeti, haziruhusiwi kuchakatwa bila ridhaa ya maandishi, ukiacha sababu ambazo sheria yenyewe imezitaja. Juu ya zote kuna Katiba, ibara ya 16, heshima na hifadhi ya nafsi ya mtu na maisha yake binafsi.

Nikawa najiuliza, dole gumba kwenye kurasa sita za lugha usiyoijua ni ridhaa? Kwangu mimi hapana. Mkataba wa kuuza baiskeli ukifanyika hivyo wakili mzuri anauvunja asubuhi moja.

Ila kuna tundu. Sheria hizi zote zinasema namna ya kuchukua. Kuhusu kurudisha, kwa maana ya jibu, matibabu, hata bei nafuu ya kipimo kitakapokamilika, mgonjwa hana kifungu cha kushika mkononi na kwenda nacho mahakamani. Na si kwetu tu. Marekani kulikuwa na mgonjwa anaitwa John Moore, daktari wake alitengeneza seli kutokana na bandama lake na kuchukua hataza, Moore akashtaki. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya California ikasema seli zikishatoka mwilini si mali yako, ila daktari alipaswa kukwambia kwamba ana maslahi. Wahindi Wekundu wa kabila la Havasupai walitoa damu kwa utafiti wa kisukari, wakaja kugundua imetumika kuchunguza mambo mengine kabisa, hata asili yao. Kesi ikaisha 2010 kwa chuo kikuu kuwalipa dola 700,000 na kurudisha sampuli. Yale maneno ya "tafiti nyingine zitakazokuja" kwenye fomu ya mama mkubwa, ukishasoma Havasupai huwezi kuyapita kirahisi.

Na sisi ukanda huu hatuhitaji kufundishwa maana ya kitu kuondoka kwenye kontena. Mwaka 2007 Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, alisimama Bungeni kuhoji mkataba wa Buzwagi, akafungiwa. Miaka kumi baadaye, Machi 2017, serikali ileile ya chama kilekile ikazuia makinikia yasitoke, makontena 277 yakahesabiwa bandarini, na mwaka huohuo Bunge likatunga Sheria Na. 5 na Na. 6 za kulinda utajiri na maliasili za nchi. Tuliambiwa hakuna tena kuchukuliwa bila kujua thamani. Mchanga wa Bulyanhulu ukapata sheria mbili kwa haraka ya ajabu. Mgonjwa wa Kahama anayetoa damu yake kwa utafiti bado anasubiri hata kifungu kimoja cha kumwambia atarudishiwa jibu.

Sitaki kuusukuma mfano huu mbali. Damu si dhahabu, na mtafiti si mwekezaji. Watafiti wetu wengi wanafanya kazi kwa fedha za kuungaunga, na wakipata mfadhili wa nje anakuja na fomu yake na bajeti yake ambayo kamera haimo. Hapo lawama inaenda kwa serikali. Mwaka 2001 pale Abuja nchi za Afrika, Tanzania ikiwemo, ziliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kila Juni msikilize bajeti ikisomwa muone tuko wapi. Mgonjwa wa Kolandoto mwenye dalili za utumbo akiambiwa "kamera" anafikiria basi la Mwanza, au Dar karibu kilomita 1,000. Nauli, kulala, mtu wa kumsindikiza, dawa ya kusafisha tumbo, kipimo chenyewe. Anauza ng'ombe kabla hajajua anaumwa nini.

Na fedha tunazo chini ya miguu yetu, hili silisemi kwa jazba. Halmashauri zenye migodi zinapokea ushuru wa huduma, na tangu mabadiliko ya 2017 migodi inatakiwa kuandaa mpango wa kurudisha kwa jamii na kuupeleka halmashauri. Tunaona madarasa, tunaona madawati, vizuri. Hakuna ajabu yoyote ikiwa mwaka mmoja fedha hizo za Geita, Kahama na Kishapu zikinunua mashine ya kamera na kumsomesha nesi na daktari wa kuiendesha kwenye hospitali ya mkoa. Ikiwa ipo tayari, basi iwe na mtu wa kuiendesha na bei ambayo mkulima wa pamba anaimudu. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, tuibane ituambie kipimo hiki kimo kwenye kitita au hakimo.

Kwa hiyo kijana wa chama ukisikia kijijini kwenu kuna watu wa utafiti, usirekodi sauti ya mumiani. Nenda. Salimia kwa adabu, wengi ni vijana wenzetu wanaotafuta riziki. Omba kuona kibali cha maadili. Omba fomu ya Kiswahili, na kama wazee hawakijui, omba isomwe kwa Kisukuma mbele ya mtu wao. Uliza sampuli zitakaa wapi, zitakaa miaka mingapi, na mtu akibadili mawazo anajitoaje. Uliza majibu yanarudi lini. Halafu uliza lile: kipimo kikionyesha damu, nani anampeleka mgonjwa kwenye kamera na nani analipa? Wakiwa na jibu, wewe ndiye uwe wa kwanza kuhamasisha watu watoe, na wazee wako uwapeleke. Wakikosa, andika majina ya mradi na tarehe, mpelekee diwani na utume nakala kwa kamati ya maadili iliyotoa kibali. Anwani yake inatakiwa iwemo kwenye hiyohiyo fomu.

Na kama kuna mtu nyumbani kwenu anatoka damu chooni, amebadilika choo kwa wiki kadhaa, anapungua uzito bila sababu, hasa ameshapita miaka 45, usikubali neno bawasiri mpaka ameangaliwa. Mkishaangaliwa mkaambiwa ni bawasiri kweli, mshukuru Mungu mrudi nyumbani.

Nimeandika mfano wa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, kurasa mbili, na rafiki yangu wa Maganzo ameiweka kwa Kisukuma. Kamanda yeyote anayeitaka aniandikie nimtumie. Kwa madiwani wetu wachache mnaosoma hapa, swali la ushuru wa huduma na kamera ya hospitali ya mkoa nimeshaliandaa kwa muundo wa kanuni za baraza, limebaki kusainiwa na mmoja wenu.